Ijumaa za Kupaka Majani Mafuta

Jumamosi, 7 Desemba

Upepo wa kaskazini umeanza. Asubuhi nilipofungua mlango wa sebule, vumbi lilikuwa limelala juu ya meza, juu ya redio, juu ya viti. Juu ya majani ya mimea halikulala. Lilinata.

Ninaandika kwa sababu shule imefungwa na nyumba hii haina mtu wa kuzungumza naye polepole. Tantine, ndivyo ninavyomwita shangazi yangu Mireille, huongea haraka, na mimi nikianza sentensi yeye huwa ameshaimaliza. Wazazi wangu wanafanya biashara Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Mimi ninakaa na Tantine hapa Arua, Uganda, kwenye njia ya Ombaci, ili nisome.

Kazi ya Tantine ni kukodisha mimea ya vyungu kwa harusi. Bibi harusi hukalishwa katikati, mimea kulia na kushoto, na picha zote hupigwa hapo. Ana miti ya mpira yenye majani mapana, michikichi midogo, kangaga zenye majani kama manyoya, na ule mmea mrefu tunaouita mahindi ya sebuleni kwa sababu majani yake yanafanana na ya mahindi. Anayeimwagilia ni Mama Betty, mpangaji wa chumba cha uani. Jina lake ni Nora, alikimbia vita kutoka Yei, Sudan Kusini. Betty, binti yake, yuko kambini kwa nyanya yake, anasoma huko. Mama Betty halipi kodi. Anaishi kwa kumwagilia. Haongei sana, ndiyo maana tunaelewana.

Leo nimeona ncha za mahindi ya sebuleni zimekuwa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani, kisha kufua, kisha vumbi tena.

Ijumaa, 13 Desemba

Ijumaa ni siku ya mafuta. Kila harusi ya Jumamosi ina Ijumaa yake. Tantine anamimina mafuta ya kupikia kwenye bakuli, tunakaa na vitambaa, tunapaka jani moja moja mpaka ling'ae. Alianza mwaka jana, baada ya Christophe wa sokoni kuanza kukodisha maua ya plastiki. Ya Christophe yanang'aa mwaka mzima.

"Pakaza na chini, Sephora! Mutu ya harusi anaangalia kila pahali."

"Ndiyo, Tantine."

"Umepaka ama umebusu? Ongeza!"

Mimi ndiye ninayepaka vizuri kuliko wote. Juu mara mbili, chini mara mbili, siruki jani. Mama Betty alisimama mlangoni na ndoo yake, akatutazama, akasema, "Hii majani leo inakula chapati."

Tantine alicheka hadi akaweka kitambaa chini. Mimi pia. Siku nzima ilikuwa na joto la kuchosha, lakini pale tulicheka.

Jumanne, 17 Desemba

Mpira mkubwa umeangusha majani manne, ingawa bado yalikuwa na unyevu. Kangaga zimekunjamana. Tantine alizunguka sebule akiwa ameshika kiuno.

"Nani anagusa hizi mimea?"

Sote tunaigusa.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimechoka, lakini lazima niandike leo.

Tulipeleka mimea Koboko kwa harusi ya binti wa Mama Santina. Nasur alituchukua na pikapu yake. Alifunga vyungu kwa kamba nyuma, Tantine akakaa mbele, mimi nikabanwa katikati. Lami ni nzuri siku hizi na Nasur anaipenda kupita kiasi.

"Nasur, punguza, iko mimea nyuma."

"Mama, mimi nikiendesha polepole, hata mbuzi itanisalimia."

Tulipofika, michikichi ilikuwa imechanwa kama mtu ameipitia kwa kitana cha chuma. Mipira ilikuwa na madoa meupe upande uliotazama jua. Tuliipanga hivyo hivyo. Tantine aligeuza madoa yatazame ukuta.

Mama Santina alikuja na wifi zake, wote kwenye vitenge vya sare. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mireille, hii ni mimea ama ni wagonjwa? Umeitoa hospitali?"

Wifi mmoja akadakia, "Ama bibi harusi atazipa dawa kwanza?"

Walicheka. Tantine alicheka pia, na hicho ndicho kilichoniumiza, kwa sababu kicheko chake ninakijua na hicho hakikuwa chake. Baada ya picha za kwanza mimea iliondolewa. Alasiri yaliletwa maua ya plastiki kutoka duka la jirani, bado yamo kwenye nailoni yake.

Tulikuwa njiani kurudi, karibu na mjini, Tantine alipogeuka.

"Ni mkono," akasema.

"Mkono gani, Mama?" Nasur akauliza.

"Mkono wa matanga."

Kwa mama yake Tantine, ambaye ni bibi yangu pia, ingawa alikufa kabla sijazaliwa, ilikuwa hivi: aliyefiwa hamwagilii kitu kinachoota mpaka matanga yake yafungwe. Anyolewe, watu wale chakula, wafagie uwanja, ndipo arudi bustanini. Mama Betty alifiwa na mume Yei. Wengine walimzika, yeye alikuwa ameshavuka mpaka. Hakuna aliyefunga matanga, kwa sababu kaburi liko upande ule na yeye yuko upande huu.

"Miaka yote mkono wake uko wazi," Tantine akasema, "na mimi niliuweka kwa mimea ya mama yangu."

Nilitaka kusema kwamba miaka miwili Mama Betty amemwagilia na mimea ilikuwa mizima. Nilikuwa katikati, bega langu linagusa lake. Sikusema.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mchele na kuku. Mama Betty alienda kambini kwa Betty. Nilimwagilia mimi.

Jumamosi, 28 Desemba

Tantine amemwambia. Alimwita uani, akampa kiti kwanza, na hapo nikajua ni habari mbaya, kwa sababu Mama Betty siku zote hukaa kwenye mkeka.

"Mama Betty, sina ugomvi na wewe."

"Ndiyo."

"Lakini unaona mimea. Matanga yako haijafungwa."

Mama Betty aliitazama mikono yake. Alisema, "Mimi nitafunga namna gani? Kule bado risasi."

"Sisemi ni kosa lako."

"Kama si kosa, ni nini?"

Tantine alisema kuanzia leo asimwagilie. Na kwa kuwa chumba ni cha mtu wa kumwagilia, atampata mtu mwingine shule zikifunguliwa. Akae mpaka wakati huo, atafute pahali.

Mama Betty alisimama, akakifuta kiti kwa kanga yake, akakirudisha ndani. Mimi nilikuwa dirishani nyuma ya mchikichi. Tungetazamana kama ningesogea, lakini sikusogea.

Jumamosi, 4 Januari

Sasa ninamwagilia mimi. Sijafiwa na mtu tangu nizaliwe. Majani yanaendelea kuungua.

Nilimwambia Tantine hivyo kwa sauti ndogo. Akasema mkono ulishaingia kwenye udongo.

Jumatatu, 6 Januari

Upepo. Macho yanawasha. Wiki iliyopita hapakuwa na harusi, wala Ijumaa ya mafuta.

Alhamisi, 9 Januari

Leo nilikaa na mimea tangu asubuhi mpaka jua lilipohama upande wa pili wa nyumba. Nilitaka nione ugonjwa mmoja. Niliona mingi, na hiyo imenichosha kuliko kuona mmoja.

Mahindi ya sebuleni yameungua ncha tu, na juu ya udongo wake kuna ukoko mweupe. Ukoko huo ninaujua. Uko ndani ya birika letu pia, nao huwa ninaukwangua kwa kijiko. Unatoka kwenye maji ya pampu ya mtaa, ambayo ukinywa unaonja chumvi kidogo. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na mmea unaisukuma mpaka mwisho wa jani, pasipo na njia ya kuendelea.

Mipira ya dirisha la mashariki ina madoa meupe yaliyokauka, upande wa jua tu. Ukigeuza jani, palipofunikwa na jani jingine ni kijani kabisa. Umbo la kivuli limebaki pale kama kiraka. Mkono wa mtu hauwezi kuunguza hivyo, ukaruka kivuli.

Kangaga ziko karibu na mlango wa jikoni, kwenye moshi na joto la mkaa kutwa nzima. Michikichi ilichanwa na upepo wa pikapu, hilo nililiona kwa macho yangu.

Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa juu ya yote, hata juu ya ile iliyokaa mahali pazuri. Nilipitisha kidole kwenye jani la mpira kikatoka na tope jeusi. Mafuta na vumbi la kaskazini, Ijumaa juu ya Ijumaa. Chini ya jani pia, tena chini zaidi.

Nikachukua kitabu cha biolojia. Muhula uliopita tulichora upande wa chini wa jani jinsi unavyoonekana kwenye hadubini. Una vinywa vidogo, stomata, jani linavyopumulia. Mwalimu alinipa alama zote na akaonyesha mchoro wangu darasani, nikainamisha kichwa kwa aibu. Nilivichora vizuri vinywa vile, kila kimoja na midomo yake miwili. Halafu nikaja nyumbani nikaviziba kwa kitambaa, mara mbili mbili, bila kuruka jani.

Ijumaa, 10 Januari

Ijumaa ya mafuta. Nilipaka juu tu. Tantine aliona.

"Na chini?"

"Tantine, chini ndiko jani linapumua."

"Sephora, kitabu chako kimekodisha mimea kwa harusi ngapi?"

Alisema kwa utani. Nilikuwa na sentensi nyingine tatu tayari: maji, jua, moshi. Zilikwama. Nikapaka na chini.

Jumanne, 14 Januari

Mama Betty ameanza kufunga vitu vyake. Ana vichache. Anavifunga, anavifungua kupata kijiko, anavifunga tena.

Ijumaa, 17 Januari

Nyuma ya bafu kuna mpira mdogo uliotupwa na Tantine Novemba, baada ya kuangusha majani yote ikabaki fimbo tu. Leo nilienda kumwaga maji machafu nikaukuta na majani matano. Mapana, ya kijani kizito, hayang'ai, hayana doa. La sita bado limekunjwa ndani ya ala yake nyekundu kama kidole.

Mama Betty alikuwa akifua karibu.

"Nani ameufufua huu?"

"Mimi."

"Kwa maji gani?"

"Ile ya chemchemi, ya kunywa. Ya pampu mimi hapana penda, tumbo inauma." Akanitazama sawasawa. "Tantine yako alisema nisiguse yake. Hii alitupa. Kitu ya kutupwa haina mwenyewe."

Ukuta wa bafu unaupa kivuli. Haujawahi kupanda pikapu. Haujaonja mafuta tangu Novemba. Na mkono uliouhudumia ni ule ule wa matanga.

"Tumwonyeshe," nikasema.

"Wewe uonyeshe. Mimi nimechoka."

Jumapili, 19 Januari

Sikuonyesha. Tantine alikuwa anaumwa kichwa.

Alhamisi, 23 Januari

Sikuonyesha. Wageni.

Jumatatu, 27 Januari

Ninaandika "sikuonyesha" kama mtu anayeandika hali ya hewa, kana kwamba kunyamaza ni kitu kinachonijia kutoka kaskazini. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Tantine ameshampata mtu wa chumba, msichana anaitwa Juliet, ambaye wazazi wake wote wawili wako hai. Hiyo ndiyo sifa aliyoitaja.

Ijumaa, 31 Januari

Asubuhi Tantine alikuwa akitafuta chungu cha ziada kwa harusi ya kesho, akaenda nyuma ya bafu. Nilimsikia akishangaa peke yake. Alirudi ameukumbatia ule mpira.

"Tazama! Tazama hii! Nani ameficha kitu kama hii?"

Sasa ilikuwa rahisi, nilihitaji kutoa jina tu. "Mama Betty ndiye alimwagilia," nikasema. "Tangu Novemba. Kwa maji ya chemchemi."

Tantine alisimama. Nilimwona akiyatazama majani moja moja, kisha dirisha, kisha mlango wa uani ambako furushi la Mama Betty lilionekana. Nilidhani ameelewa. Hata nilianza kusikia raha.

Halafu akauweka mpira chini, akavuta bakuli, akachovya kitambaa kwenye mafuta.

"Kesho huu unakaa mbele kabisa," akasema.

Nilimshika mkono.

Sijawahi kumshika mkono mtu mzima hivyo. Ulikuwa unateleza kwa mafuta, ikabidi nitumie mikono yote miwili.

"Hapana, Tantine."

"Sephora?"

"Hapana. Si mkono wa Mama Betty. Ni haya mafuta. Na chumvi ya pampu, na jua la dirishani, na moshi wa jikoni, na Nasur. Huu umepona kwa sababu hatukuupenda. Ukiupaka, nitautupa nje mimi mwenyewe."

Sijui hiyo ya mwisho ilitoka wapi. Sauti yangu ilipasuka katikati. Mama Betty alikuwa amesimama uani na alisikia yote.

Tantine hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye sakafu, kitambaa mkononi, mafuta yakichuruzika kwenye kitenge chake.

"Hii mimea mama yangu alivuka nayo kutoka Ariwara," akasema. "Alibeba vipande kwa sufuria, mimi nikabeba godoro. Sufuria aliikataza isipikiwe mpaka vipate mizizi. Tulikula mihogo ya kuchoma." Akakikunja kitambaa. "Kama si mkono wa yule, ni wangu. Mimi nilileta mafuta."

Nilitaka sana ashindwe, na sasa sikuona ushindi wowote.

Alinyanyuka akaenda mlangoni. "Mama Betty," akasema, "fungua furushi. Chumba ni chako."

Mama Betty alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Nimepata pahali Koboko, Mama. Dada ya kanisa anauza vitunguu, anataka mutu. Mimi nimechoka kungoja majani iseme kama mimi ni muzuri."

Jumatatu, 3 Februari

Shule imefunguliwa. Mama Betty aliondoka alfajiri na basi dogo. Chumba kimefungwa, Juliet ameambiwa asije.

Ijumaa, 14 Februari

Ijumaa bila mafuta. Tunaosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, tunayasuuza, tunakata ncha zilizoungua kwa mkasi. Kazi ni ndefu kuliko kupaka. Kangaga tumezihamisha, dirisha la mashariki tumelitundikia pazia. Maji ninaleta mimi kutoka chemchemi kabla ya shule, na darasani ninasinzia.

Nilimwambia Tantine kwamba jani lililoungua halirudi kuwa kijani. Inabidi kungoja jani jipya.

"Najua," akasema. "Hiyo hata bila kitabu najua."

Jumamosi, 1 Machi

Hatuna harusi leo. Kulikuwa na mbili mjini, Christophe amezipata zote.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu, lakini hayakutoa kitu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo Koboko tena. Aliyetuita ni Natale, mwalimu, anayeoa, ambaye alisema hataki plastiki kwa sababu mama yake angecheka.

Tantine alimfunga Nasur kwa masharti: turubai juu ya vyungu, na polepole.

"Mama, hata maiti hubebwa haraka kuliko hivi."

"Basi jifanye umebeba bibi yako."

Tulipanga mimea chini ya hema. Haing'ai. Mingi ina kingo zilizokatwa. Ule mpira wa nyuma ya bafu ulikaa mbele. Shangazi mmoja wa bwana harusi akasema, "Hii mbona iko kama imelala?" Tantine alinikabidhi mkoba wake akatoka, akavuka barabara kuelekea sokoni.

Alikaa muda mrefu. Watu walianza kuuliza. Aliporudi alikuwa na Mama Betty, aproni ya vitunguu bado kiunoni, anavuta miguu kama aliyeitwa polisi.

Tantine alichukua kopo la kumwagilia, akampa mbele ya shangazi wote, mbele ya mpiga picha.

"Mimea hii, wape maji, Mama Betty. Bibi harusi hatakaa mpaka wewe uwape."

Mama Betty hakulipokea. "Mbele ya watu, Mama? Na matanga yangu?"

"Na matanga yako. Matanga yangu mimi, ya mama yangu, niliyafunga, watu wakala, uwanja ukafagiwa. Na bado nimeua nusu ya mimea yake."

Nilidhani atakataa. Angekuwa na haki. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kopo, akaanza upande wa kushoto, chungu kwa chungu, bila haraka, kama zamani asubuhi. Watu walimtazama kidogo, halafu wakaendelea na mambo yao. Alipofika kwenye mpira mdogo aliligusa jani jipya, la tisa sasa, akanitazama. Akarudisha kopo.

"Chumba hakijapata mutu," Tantine akamwambia.

"Nimesikia."

"Utarudi?"

"Vitunguu yangu nimeachia mutu, Mama. Wataiba." Akacheka kidogo, akamshika Tantine mkono kwa mikono yote miwili, akaenda.

Jioni tulipakia. Tulikuwa tumetoka Koboko kitambo kidogo mvua ilipoanza, ya kwanza mwaka huu, matone makubwa yaliyoinua harufu ya vumbi mpaka ndani ya gari. Nasur akasimamisha gari ili afunge turubai vizuri.

"Toa," Tantine akasema.

"Nifunge?"

"Nimesema toa turubai yote. Na uende polepole."

"Na yule mama mwenye aproni? Tumemwacha?"

"Hapana," Tantine akasema. "Yeye ndiye alituacha."

Nasur aliitoa turubai, akarudi ameloa, akilalamika kwa lugha yake. Tulienda polepole hivyo mpaka Arua, baiskeli zikitupita. Niligeuka mara nyingi kutazama nyuma kwa kioo. Majani ya kahawia yalikuwa bado ya kahawia. Yote yalikuwa yakipata maji, mazima na yaliyoungua, maji yasiyotoka mkononi mwa mtu yeyote.